Sura ya 7: Swali la Likizo Ndefu

Kiangazi kikishakolea, majabali ya huku kwetu hubadilika rangi. Ukishuka kwenye basi Makutano ukashika njia ya Butiama mwezi wa Julai, utaona mawe yamekuwa meupe kana kwamba kuna aliyeyamwagia chokaa. Ni udaga: muhogo uliomenywa, ukavundikwa siku tatu nne mpaka ukaota ukungu, ukakwanguliwa, ukamegwamegwa na kuanikwa juu ya jiwe lililoshika moto wa jua. Kando ya jiwe moja kama hilo, nyuma ya nyumba ya mama yangu, ndipo nilipoiona likizo ndefu ya chuo kikuu ikitumika vile nilivyotamani siku zote itumike.

Mpwa wangu, wakati huo yuko mwaka wa pili wa shahada ya kemia, alikuwa amekuja na begi la nguo na boksi la vichupa vya plastiki vyenye vifuniko vya kukaza. Bibi yake alivitazama sana.

"Hivyo ni vya dawa, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi. Ni vya kuupimia udaga."

"Udaga unapimwa kwa debe. Debe ninalo."

Ilibidi amweleze. Alianzia kwenye jambo ambalo bibi alilijua kuliko yeye: kwamba muhogo mchungu ukiuharakisha unakuumiza. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, watoto wanatapika. Bibi alitikisa kichwa kukubali. Kisha mpwa wangu akamwambia kwamba hicho kinachoumiza kina jina, na kwamba kiasi chake kinaweza kuonekana kwa macho, kwenye karatasi.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Unapima miligramu 100 za unga, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kisu. Unauweka ndani ya kichupa juu ya kikaratasi cha mviringo chenye kimeng'enya kiitwacho linamarasi, unadondoshea maji kidogo, halafu unaingiza ukanda wa karatasi ya pikrate, wa manjano, uliogundishwa kwenye kipande cha plastiki ili usiguse maji. Unakaza kifuniko na kusubiri mpaka kesho saa kama hizo. Mle ndani, linamarini iliyosalia kwenye unga inavunjwa na kimeng'enya na kutoa sianidi ya hidrojeni. Gesi hiyo inapanda, inaikuta karatasi, na manjano inageuka kahawia. Sianidi ikiwa nyingi, kahawia inaiva zaidi. Kesho yake unaitoa karatasi na kuilinganisha na kadi ya rangi. Kipimo hiki kilitengenezwa na Howard Bradbury na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, makusudi kwa watu wanaofanya kazi mahali pasipo na maabara. Shirika la Afya Duniani na shirika la chakula la FAO wameweka kikomo cha unga wa muhogo kuwa miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

Swali la mpwa wangu lilikuwa jembamba, na nililipenda kwa sababu hiyo. Je, akina mama wanaovundika wanaondoa sianidi kiasi gani kuliko wale wanaokata muhogo vipande na kuuanika moja kwa moja, yale tunayoyaita makopa? Nyumba 10. Kwa kila nyumba sampuli 3: siku ya kumenya, baada ya kuvundika au kukata, na baada ya kukauka. Kila sampuli inapimwa mara 3, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Hivyo ni vipimo 90, na wiki nane zinatosha kuvifanya bila kukimbizana, hata ukiharibu kumi vya kwanza.

Na aliharibu. Vifuniko viwili havikukazwa, gesi ikavuja, karatasi zikabaki manjano safi kana kwamba muhogo uliochimbwa asubuhi ile haukuwa na kitu. Alifurahi nusu siku. Jioni akaugusa uzi wa kifuniko kwa kidole, akanyamaza, akaandika kwenye daftari: kifuniko kililegea, rudia. Nimelisoma daftari hilo lote, na ukurasa huo ndio ninaouthamini kuliko mingine. Mtu aliyezoea mazoezi ya darasani, ambako jibu linajulikana kabla hujaanza, hana nafasi ya kuandika sentensi hiyo. Darasani jibu likikataa unamwangalia jirani yako.

Kwa nini kuvundika kunasaidia? Ndani ya muhogo, linamarini na kimeng'enya chake hukaa vyumba tofauti, kama majirani wasiosalimiana. Ukungu na vijidudu vinapoulainisha muhogo, kuta hubomoka, viwili hivyo vinakutana na sianidi inatoka hewani mapema, kabla ya unga kufika chunguni. Ukikata vipande vikubwa na kuvianika juani, maji yanakauka haraka na kazi hiyo inakatika njiani. Ndiyo maana pia kisamvu hutwangwa kabla ya kupikwa. Bibi zetu hawakuwa na neno linamarini, lakini utaratibu wote ulikuwa mikononi mwao.

Mkoa wa Mara unalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1985, ukame ulipoibana Tarime, watu walibaki na muhogo mchungu na njaa isiyosubiri siku za kuvundika. Hatua zilirukwa. Ndipo walipoanza kuonekana watu, wengi wao watoto na akina mama, ambao miguu yao ilikakamaa kwa ghafla na haikurudi tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno kutoka kwa Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na ulikuwa umeandikwa na daktari Trolli huko Kongo tangu 1938. Uchunguzi wa Tarime ulichapishwa mwaka 1990 katika jarida la kitabibu la Brain. Miongoni mwa walioufanya alikuwamo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na William Howlett na Hans Rosling, yule daktari wa Sweden ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa kuelezea takwimu jukwaani. Kabla ya majukwaa, Rosling alikuwa mtu wa muhogo, akihesabu wagonjwa Msumbiji na kisha huku kwetu. Mwili wenyewe una njia ya kuiondoa sianidi: unaiunganisha na salfa inayotoka kwenye protini na kuitoa kwa mkojo. Kwa hiyo dagaa pembeni ya ugali wa muhogo ni sehemu ya kemia hiyo, na penye ukame, mboga ndiyo hutangulia kupungua sahanini.

Nimeanza na muhogo kwa sababu nataka kusema jambo kuhusu wiki nane.

Vyuo vikuu vyetu vina likizo ndefu, kuanzia kama Julai hadi kuelekea Oktoba, na ndani yake kuna mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Bodi ya Mikopo hutoa pesa ya fildi kwa siku zisizozidi 56, yaani wiki nane kamili. Muda upo, na pesa, ingawa haitoshi, ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni swali. Mwanafunzi anazunguka na barua ya chuo Musoma mjini, anabisha hodi ofisi hadi ofisi, na anayempokea kwa nia njema hajui ampe nini. Mimi fildi yangu niliifanya katika maabara moja ambayo sitaitaja. Niliosha bika na mirija kwa wiki nane, nikajaza kitabu cha kumbukumbu kila jioni, na msimamizi akaja mara moja kutia saini. Hakuna aliyenitendea vibaya. Walinipa chai na kunikaribisha vizuri. Ila nilitoka mle sijawahi hata siku moja kutaka kujua kitu ambacho hakuna mtu chumbani aliyekijua.

Marekani walilitambua pengo hili zamani. Mwaka 1987 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo ulianzisha mpango wa kuwapeleka wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye maabara za utafiti wakati wa likizo ya majira ya joto. Katika kemia huchukua takriban wiki 10. Mwanafunzi analipwa posho, anapewa mradi wake ndani ya kazi kubwa ya profesa, na mwisho anasimama mbele ya wenzake kueleza alichokiona. Vijana wetu wanaijua mipango hii. Nimewakuta Musoma, usiku bando likiwa rahisi, wakijaza fomu kwenye simu mpaka wanapofika kwenye sharti la uraia au ukaazi wa kudumu wa Marekani, na hapo safari inaishia. Ipo milango mingine iliyo wazi kwa mataifa yote, na kila anayeweza ajaribu. Lakini kinachofanya mpango ule ufae si mashine peke yake. Ni mambo matatu: swali ambalo jibu lake halijulikani, mtu mzima anayekuja kila siku kuuliza limefikia wapi, na siku ya kusimama na kusema. Yote matatu yanawezekana Bunda.

Tena ni mkoa huu huu uliotoa jina la azimio lililotaka elimu na kazi zishikane. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa Musoma na kuamua, pamoja na elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, kwamba kijana amalizapo kidato cha 6 afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Sehemu hiyo ya pili haikudumu. Sioni haja ya kuirudisha. Naona tu kwamba wasiwasi uliokuwa nyuma yake, wa msomi asiyewahi kuishughulikia shida ya mtu wa kijijini, bado una haki ya kusikilizwa, na likizo ndefu ni mahali pazuri pa kuujibu.

Sasa nikupeleke mtoni.

Machi 2022 maji ya Mto Mara kwenye maeneo ya bondeni, kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na yenye harufu, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele, mhandisi wa kemikali aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kamati ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza, mambo yaliyomaliza oksijeni majini. Watu wengi hawakuridhika. Kuna mgodi mkubwa wa dhahabu upande wa juu, kuna historia ya malalamiko, na neno kinyesi lilipokelewa kama dharau. Vijiweni kote, kuanzia Mwigobero hadi Bunda stendi, mjadala ukawa nani anasema kweli.

Nilisikiliza mjadala ule nikisikitika, kwa sababu ulikuwa mjadala wa kemia uliofanywa bila namba mikononi mwa wananchi. Kwamba samadi inaweza kuua samaki si kichekesho. Mwaka 2018 watafiti waliochapisha katika Nature Communications walionyesha, upande wa Kenya wa mto huu huu, jinsi viboko zaidi ya 4,000 wanavyojaza vidimbwi kinyesi, na mvua inapokisukuma chini kwa mkupuo, oksijeni inashuka ghafla na samaki wanakufa. Mwaka mmoja kabla, kundi jingine lilikadiria kwamba wastani wa nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka wakivuka Mara, karibu tani 1,100 za nyama zinazoozea mtoni. Ni mto uliozoea kula mizigo mikubwa. Lakini aliyeuliza kuhusu mgodi naye alikuwa na haki ya kuuliza, na ya kujibiwa kwa vipimo, si kwa cheo cha anayejibu.

Oksijeni iliyoyeyuka majini inaweza kupimwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili akiwa amechuchumaa ukingoni. Njia ni ya Lajos Winkler, Mhungaria, ya mwaka 1888. Unajaza chupa bila kuacha hata povu moja, unaongeza chumvi ya manganizi na mchanganyiko wa alkali na iodidi, na mashapo yanatua chini. Yakiwa ya kahawia, oksijeni ipo. Yakibaki meupe, samaki hawana cha kuvuta. Hapo sampuli imefungwa, unaweza kuibeba. Ukifika kivulini unatia asidi, maji yanakuwa na rangi ya iodini, unadondosha thaiosalfeti kutoka kwenye bureti, unaongeza wanga, rangi inakuwa buluu nzito, na unaendelea tone kwa tone mpaka buluu inatoweka. Wanga wa muhogo unafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Kwenye usawa wa Ziwa Viktoria, mita 1,134 juu ya bahari, maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa hubeba kama miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Ikishuka chini ya 3, samaki wengi huanza kuhangaika. Kamongo atapanda juu avute hewa kama sisi, na kambale naye ana namna yake. Sato hana pa kukimbilia. Mvuvi wa Kirumi akikuambia leo kamongo tu ndio wazima, amekupa kipimo tayari, na kazi ya mwanafunzi ni kukiwekea namba.

Fikiria sasa kila Agosti mwanafunzi mmoja anakaa Kirumi na kupima mahali palepale, saa ileile, alfajiri na adhuhuri, na kumwachia atakayefuata daftari. Agosti mto uko chini, hauna hasira, kwa hiyo vipimo hivyo havitalionyesha tukio kama la Machi. Vitaonyesha mto ukiwa na afya unafananaje, ambacho ndicho kitu cha kwanza kila daktari hutaka kukijua. Kwa msimu wa mvua wapatikane wanafunzi wa kidato cha 5 wa jirani, wafundishwe kufunga sampuli. Miaka mitano ya daftari moja si mbadala wa maabara za serikali wala za bodi ya maji ya bonde la ziwa. Ni kitu kingine: ni namba zilizopatikana mbele ya macho ya wavuvi wenyewe.

Maswali mengine yapo mengi, nitayagusa tu. Bomba la maji linavuta kutoka ziwani Mugango kupitia Kiabakari mpaka Butiama. Klorini inayotiwa mwanzoni inabaki kiasi gani kwenye bomba la mwisho kabisa, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota? Kidonge kimoja kinachoyapa maji rangi ya waridi kinatosha kuanzia. Kuna chumvi na mchanga kwenye dagaa wa mwaloni. Kuna sabuni za magadi. Na kuna zebaki ya wachimbaji wadogo wa Buhemba, swali kubwa kuliko yote haya, ambalo nitasema wazi kwamba si la kumpa mwanafunzi peke yake. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini zebaki bado inachomwa juu ya mkaa, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Anayetaka kuligusa hilo aende chini ya watu wenye vifaa na kinga, au asiende. Hata asidi ya pikriki, iliyoko kwenye zile karatasi za muhogo, ikikauka ikiwa chupani inaweza kulipuka. Huletwa mikononi mwa mwanafunzi ikiwa tayari imo kwenye karatasi, na ni vizuri ibaki hivyo.

Butiama sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Ninalotamani kwa chuo hicho, hata kabla ya mashine kubwa, ni chumba kimoja chenye meza, maji ya bomba, mizani inayosoma miligramu, na orodha ukutani ya maswali kutoka vijijini. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Dodoma au Mkwawa ambaye kwao ni Mara, na atakuwa nyumbani likizo nzima hata hivyo, aingie achague. Mhadhiri mmoja apunguziwe kazi nyingine ili awepo kila asubuhi, kwa sababu bila mtu huyo orodha itabaki karatasi. Na wiki ya nane isiishie kwenye ripoti ya kufungwa kabatini. Iishie uwanjani, kwa wenye muhogo.

Mpwa wangu hakusubiri wiki ya nane, kwa kuwa bibi yake hakumwacha asubiri. Karatasi za kwanza zilizosomeka vizuri zilitoka siku ya Jumanne. Udaga wa nyumbani ulikuwa umebadilika kwa shida, manjano iliyochoka kidogo. Makopa aliyoletewa bibi na mtu mwingine yalikuwa yametoa kahawia iliyopita wazi mstari wa 10. Bibi alizishika zote mbili kwenye mwanga wa dirisha.

"Sasa huu wa kahawia, nile au nisile?"

Nilimwona kijana akimeza mate. Chuoni hakuna mtihani unaouliza hivyo. Akamwambia asiule ulivyo, akaleta beseni. Akachanganya unga na maji mpaka ukawa kama mchanga wa pwani ya ziwa uliolowa, akautandaza kwenye mkeka, tabaka jembamba lisilofika sentimita moja, akauacha juani saa mbili. Ni njia ya Bradbury huyohuyo: kimeng'enya kilicholala ndani ya unga kinaamshwa na maji, kinamalizia kazi, na gesi inaondoka na upepo. Kwenye kivuli ingehitaji saa tano. Kisha akapima tena, na kesho yake karatasi ilikuwa imerudi karibu na manjano. Bibi alisonga ugali wa unga ule jioni ileile, tukala kwa sato.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mama amekaa kizingitini na vifundo vitatu vya kitambaa mapajani, kila kimoja na unga kidogo ndani. Cha jirani wa juu, cha mama wa dukani, na kimoja alichokishika mbali na vingine.

"Mwamshe mjukuu wangu," aliniambia. "Huyu wa tatu ana watoto wanne na havundiki. Aanze na huyu."